Aina ya ndege uliyokatia tiketi ikizuiwa kuruka: angalia haya kabla hujakansel

Ukisikia kwenye habari kwamba aina fulani ya ndege imezuiwa kuruka baada ya ajali, na wewe una safari wiki ijayo, najua mkono unakimbilia kukansel. Subiri kwanza, kuna vitu vya kuchek na nusu saa inatosha.

Anza na jina la ndege, jina kamili, maana hapo ndo watu wengi wanachanganya. Boeing 737-800 na Boeing 737-8 ni ndege mbili tofauti kabisa, ya kwanza ni ya kizazi kilichotangulia, ya pili ndo MAX 8, ile iliyozuiwa dunia nzima Machi 2019, yaani sifuri mbili tu ndo zinazitenganisha. Fungua buking yako utafute walipoandika aina ya ndege, 738 ni 737-800 na 7M8 ni MAX 8, kwenye apu za kufuatilia ndege utakuta B738 na B38M. Kama umeshafika eapoti na unaiona kwa dirishani, tazama ukingo wa nyuma wa kava la injini, MAX ina meno meno kama msumeno, 737-800 ukingo wake umenyooka hauna meno. Ncha za mabawa usizitegemee, kuna 737-800 zimefungwa ncha zilizogawanyika juu na chini na kwa mbali zinafanana sana na za MAX.

Alafu amri inaweza kugusa baadhi tu ya ndege. Januari 2024 ndege ya Alaska Airlines aina ya MAX 9 ilichomoka paneli iliyoziba nafasi ya mlango ikiwa angani, ikaja kuonekana bolti za kuishikilia hazikuwepo. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakazuia MAX 9 kama 171 hivi zenye paneli ya namna hiyo, MAX 8 zikaendelea kuruka kama kawaida.

Chek pia nani kazuia. Shirika la ndege likisimamisha ndege zake, huo ni uamuzi wake lenyewe na linaweza kuugeuza, ila mamlaka ya nchi ikizuia ni amri, na kila nchi ina amri juu ya anga lake. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya MAX 8 ilianguka dakika sita tu baada ya kuruka Addis Ababa kwenda Nairobi, watu wote 157 wakafa. China ikazuia MAX kesho yake, Ulaya tarehe 12, Marekani kwenyewe inakotengenezwa ikawa tarehe 13. Kwa hiyo kama safari yako ni ya kuunganisha angalia nchi zote unazotua na unazopita juu yake, siyo ulikoanzia tu.

Sasa swali kubwa kuliko yote, sababu imejulikana? Hapa usikubali majibu ya juu juu. Mwaka 1954 ndege ya Comet ya Waingereza ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari, watu 35 wakafa, Comet zikasimamishwa, wakarekebisha kila walichohisi kinaweza kuwa chanzo, mpaka mambo ya moto kwenye injini, na Machi 23 zikarudi kubeba abiria wakati chanzo chenyewe hakijapatikana. Aprili 8 ikaanguka nyingine, watu 21. Baadaye ndo wakaizamisha Comet moja kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, tena na tena, mpaka mwili wake ukapasuka kwa uchovu wa chuma. Injini hazikuhusika kabisa.

Kwa MAX sababu ilikuwa programu ya kompyuta ya ndege inaitwa MCAS, ilikuwa inasikiliza sensa moja tu, yaani kifaa kinachopima pembe kati ya ndege na upepo, sensa ikidanganya, programu inasukuma pua chini, rubani akiinua inasukuma tena. Ajali ya kwanza ilikuwa Lion Air, Indonesia, Oktoba 2018, watu 189. Kati ya ajali hizo mbili ilipita zaidi ya miezi minne na MAX zilikuwa zinaruka, mimi hicho kipande bado kinaniuma, maana wale 157 wangeweza kuwa hai.

Kwa hiyo siku wakitangaza ndege imeruhusiwa tena, usiishie kwenye kichwa cha habari, soma walichobadilisha ujiulize kama kinagusa sababu yenyewe. MAX iliporuhusiwa na FAA Novemba 18, 2020, MCAS ilikuwa inalinganisha sensa mbili, zikipishana sana haifanyi kazi, inasukuma mara moja tu kwa kila tukio la pua kuinuka kupita kiasi, na rubani ana uwezo wa kuishinda, tena marubani wakalazimika kupita kwanza kwenye simuleta, mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha ndege. Hayo ni majibu yanayoeleweka.

Kuhusu tiketi, usiwahi kukansel mwenyewe. Mara nyingi ukikansel wewe ndo unakatwa hela, shirika likikansel ndo unapata nguvu ya kudai pesa yote au safari nyingine. Waandikie uwaulize ndege gani itatumika, jibu litunze, piga na skrinshoti ya buking. Kama bado roho inasita, omba wakuhamishie safari yenye ndege ya aina nyingine, wakati wa zuio mashirika mengine yanakubali bila kutoza. Alafu chek tena siku moja kabla ya safari maana ndege hubadilishwa dakika za mwisho, na ukishakaa kwenye siti chomoa ile kadi ya usalama mfukoni mbele yako, aina ya ndege imeandikwa hapo.