Kuandika kamusi elezo ya historia ya eneo lenu pamoja na wenye historia yao

Anzeni na kata ndogo moja tu. Anayejitwika Nyanza, Magharibi na Nakuru kwa mpigo mmoja huishia na orodha ya machifu na miaka ya kufunguliwa kwa shule za misheni, kwa kuwa hayo yalikwisha kuandikwa zamani. Kata ndogo moja, makala arobaini, miezi minane: mzigo huo watu sita wa kujitolea wanaweza kuubeba hadi mwisho. Na msianze mwaka wa uchaguzi. Kila jina la ukoo mtakaloliandika litasomwa kama kura.

Mlango wa kuingilia ni chifu au naibu wake, lakini asiwe mwenyekiti wenu. Mwombeni dakika kumi kwenye baraza lake la kawaida, elezeni kazi kwa lugha ya pale, kisha wananchi wachague kamati yao wenyewe. Watu tisa wanatosha: wanawake wasiopungua wanne, vijana wawili walio chini ya miaka 25, na mtu kutoka kila jamii ndogo iliyoishi hapo. Hao wa mwisho ndio husahaulika. Ukiandika Kisumu bila Wanubi wa Kibos, bila familia za Kihindi zilizolima upande huohuo wa Kibos baada ya reli kufika, bila Waislamu wa Kaloleni, umeandika nusu ya mji. Nakuru inataka uangalifu zaidi, maana mitaa kama Bondeni na Kaptembwa imejengwa na watu waliotoka kila upande kufuata kazi ya reli, ya mji na ya mashamba ya walowezi. Huko usiulize, "Mwenyeji halisi ni nani?" Swali hilo limewahi kumwaga damu. Uliza, "Ninyi mlifika lini, na mlimkuta nani?"

Orodha ya makala itoke kwa kamati. Kila mjumbe ataje mambo kumi ambayo mtoto wa hapo hapaswi kukua bila kuyajua. Wanaume watataja vita, machifu na mipaka. Wanawake watataja visima, masoko, wakunga, mwaka wa ndui, mwaka wa mafuriko. Chukueni pande zote mbili sawasawa. Wanawake pia wanashika ramani ambayo nasaba za wanaume hazina: kwa Wajaluo mke hujulikana kwa alikozaliwa, nyar Alego (binti wa Alego), nyar Kano, nyar Gem. Pangeni wake wa boma moja kwa vizazi vitatu, nanyi mtaona ni koo zipi zilikuwa na amani na zipi, na kuanzia lini.

Mahojiano

Nendeni wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kushika kinasa sauti na daftari. Mmoja wenu awe mtoto wa pale, anayejua kumwita mwenye nyumba inavyostahili: Jaduong' kwa mzee wa Kijaluo na Dani kwa bibi wa Kijaluo, Kukhu kwa bibi wa Kiluhya, Kogo kwa bibi wa Kikalenjin. Mgeni akimwita bibi wa miaka themanini kwa jina lake tupu, majibu yatakuwa mafupi na ya adabu, basi.

Simu nzuri inatosha. Iwekeni katika hali ya ndege ili isilie, muiweke shubiri moja kutoka kifuani mwa msemaji, juu ya kitambaa na si juu ya meza ya mbao, maana meza hubeba kila kishindo cha kikombe. Rekodini WAV, sauti mkondo mmoja, kilohezi 48, biti 24. Saa moja hula takriban megabaiti 520, kwa hiyo hakikisheni nafasi kabla ya kuondoka nyumbani. Kazi hii ni ya asubuhi. Kakamega na Vihiga mvua hupenda kuja alasiri, na mvua ikishaanza kupiga bati hakuna programu itakayorudisha maneno ya mzee. Dakika tisini zikiisha, funga, hata kama hadithi imenoga. Mzee aliyechoka huanza kufupisha, na mnaweza kurudi wiki ijayo.

Saa moja ya sauti huchukua saa tano hadi saba kuandikwa. Hapa ndipo miradi mingi hufia: kuna rekodi mia moja kwenye diski na hakuna hata moja iliyoandikwa. Weka sheria kwamba mahojiano mapya hayafanyiki hadi yaliyotangulia yawe yameandikwa kwa lugha yake ya asili. Tafsiri ya Kiswahili ifuate baadaye, isiwe mbadala.

Ridhaa isomwe kwa sauti kwa lugha ya msemaji, kisha iwekwe sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Tenganisheni maswali: unakubali turekodi? Tuchapishe? Kwa jina lako? Kuna sehemu ya kufungwa hadi utakapofariki? Mtu anaweza kukubali matatu na kukataa la nne. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki hiyo, na ile ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi inahusu mambo kama dawa na siri za jandoni. Za jandoni ziacheni kabisa isipokuwa wenye nazo wameamua.

Rudisheni nauli, nunueni sukari na majani ya chai. Msilipe hadithi. Hadithi inayolipwa hurefuka, na nasaba ya vizazi saba hugeuka kumi na miwili kufikia wiki ya pili.

Kupata mwaka

Wazee wengi hawasemi "1931". Wanasema "wakati wa dhahabu". Kazi yenu ni kuwa na orodha ya nguzo za wakati mfukoni na kuuliza kabla au baada: ulikuwa umeolewa? Ulikuwa unachunga mbuzi? Kwa eneo letu nguzo zifuatazo ni imara: reli kufika Kisumu, Desemba 1901; vita vya kwanza na Kariakoo (kikosi cha wapagazi wa vita), 1914 hadi 1918, na homa kuu iliyovifuata; kipande, hati ya kazi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba, kuanzia karibu 1920; mkutano wa Lundha huko Gem uliozaa Piny Owacho, vuguvugu la kudai haki chini ya ukoloni, Desemba 1921; dhahabu ya Kakamega, 1931; mvua za Uhuru zilizopandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, 1961 hadi 1964; kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 1969; kufa kwa Kenyatta, Agosti 1978; jaribio la mapinduzi, 1 Agosti 1982. Angalieni hiyo ya ziwa. Maji yalipanda tena sana 2020, na kijana anayeandika haraka atasikia "ziwa lilipofika kwenye shule" akaweka mwaka anaoukumbuka yeye.

Majina ya marika yanasaidia na yanapotosha. Wabukusu wanayo manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na mzunguko wake unakaribia miaka mia. Kwa hiyo "babu alikuwa wa Maina" halitoshi. Ulizeni Maina ya nani, ya babu huyu au ya babu wa babu yake. Wanandi na Wakipsigis wana Maina, Chumo na Sawe pia, lakini jina kufanana hakuna maana kwamba miaka ni ileile. Kuna kipimo kimoja kizuri: Wabukusu kwa kawaida hutahiri Agosti ya mwaka shufwa. Hesabu yenu ikitoa mwaka witiri, rudini mkahesabu upya kabla ya kumwambia mzee amekosea.

Mtego mwingine ni majina ya watu. Wanjala na Nanjala kwa Waluhya, Okech na Akech kwa Wajaluo, yanataja njaa. Lakini kila mwaka kabla ya mavuno kulikuwa na wiki za ghala tupu, na mtoto aliyezaliwa wakati huo alipata jina hilo bila baa lolote kubwa. Jina peke yake halithibitishi baa la njaa.

Ulizeni pia kilicho chini ya kitanda. Katika masanduku mengi ya Magharibi na Bonde la Ufa bado kuna kipande cha babu: kikasha kidogo cha bati kilichovaliwa shingoni kwa uzi, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye alama za vidole, majina ya waajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Karatasi hiyo moja inaweza kuwaonyesha shamba kwa shamba jinsi mtu alivyotoka Maragoli akafika Njoro. Msiiondoe nyumbani. Ilazeni juu ya kitambaa karibu na dirisha, ikunjueni polepole, na mkunjo ukikataa uacheni hivyo. Pigeni picha mbele na nyuma bila mwako, rula ikiwa pembeni, na msitie gundi wala selotepu. Picha za zamani nazo vivyo hivyo. Mgongo wa picha mara nyingi una jina la studio na mwaka.

Majina ya mahali

Nyaraka za serikali zinajua mahali pale kwa jina jingine. Webuye ni Broderick Falls, Kipkelion ni Lumbwa, Wabukusu ni Kitosh, na Kisumu ni Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mkewe msimamizi wa ujenzi wa reli. Tena hadi 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, kwa hiyo anayetafuta mambo ya 1900 kwenye mafaili ya Kenya peke yake atarudi mikono mitupu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, ina ripoti za mwaka za wilaya. Zisomeni baada ya mahojiano ya kwanza, kisha rudini na maswali. Mkizisoma kwanza, mtamuuliza mzee mambo ya DC (mkuu wa wilaya wa kikoloni) badala ya yake.

Maana ya jina la mahali msiiamue. Kila simulizi iingie na ilikotoka: "Wazee wa Kajulu wanasema hivi; familia za Wanyore zilizoishi hapo zinasema hivi." Makala yawe ya maneno 300 hadi 600, sentensi ya kwanza ikieleza kitu ni nini na kiko wapi, kisha majina yake yote, kisha simulizi zinazogongana zikiwa na nafasi sawa, na kila dai na namba ya rekodi yake.

Kwa mambo yenye kidonda, kama Kisumu ya Oktoba 1969, watu walipopigwa risasi, au Nakuru ya mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, andikeni yaliyowapata watu. Msimtaje mtu kama mkosaji kwa ushuhuda wa mdomo, hata wakiapa watano. Watano hao huenda wote walisikia kwa mmoja. Na msimhoji aliyepoteza mtu mbele ya umati, wala msimwache peke yake mkishamaliza.

Kurudisha

Hii ndiyo hatua inayofanya kitabu kuwa chao, nayo ndiyo hukatwa fedha zikipungua. Itengeeni bajeti tangu siku ya kwanza: robo ya fedha zote na miezi miwili kati ya minane. Rasimu isomwe kwa sauti barazani, kwa lugha ya pale, makala sita au saba kwa kikao, si zaidi. Kaeni kimya mkiandika. Watu watasahihisha majina, watagombana, na kwa kugombana watatoa makala mapya. Pingamizi liingie kwenye daftari lenye tarehe, jina na sababu. Kisha bandikeni nakala za A4 sokoni, kanisani, msikitini na kwa naibu wa chifu kwa siku thelathini. Msiitegemee WhatsApp kwa kazi hii. Wenye simu ni wajukuu, na mjukuu hulinda heshima ya ukoo kuliko anavyolinda ukweli wa nyanya yake.

Hifadhini kila kitu mahali patatu: diski mbili katika nyumba mbili tofauti, na nakala moja mtandaoni. Laptopu ya katibu si ghala. Mkichapisha, kila aliyehojiwa apelekewe nakala mkononi pamoja na rekodi yake kwenye kadi ya kumbukumbu, na nyingine ziende shule ya msingi iliyo karibu na maktaba ya kaunti. Acheni kurasa ishirini tupu mwishoni mwa nakala ya shule, mfunge kalamu kwa uzi kwenye jalada, na mpitie kila Januari kunakili yaliyoandikwa humo.