Kushika Usukani wa Kampuni ya Teknolojia Inayoyumba Ukiwa Mgeni wa Fani

Louis Gerstner alipoingia IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, kuwa mkurugenzi mkuu tarehe 1 Aprili 1993, alikuwa anatoka RJR Nabisco, wauzaji wa biskuti na sigara. IBM ilikuwa imefunga mwaka 1992 kwa hasara ya karibu dola bilioni 5. Yeye hakuwa fundi wa kompyuta, ila alikuwa amebeba faida na hasara ya biashara nzima, na alipokuwa American Express alikuwa mteja wa IBM.

Meneja wa Mombasa anayekitaka kiti cha namna hiyo aanze na hayo mawili. Kama unasimamia mauzo au hesabu peke yake, omba tawi lenye mapato, gharama na wafanyakazi wake. Kisha simamia mradi mmoja mzito wa mifumo ukiwa upande wa mteja: kuhamishia hoteli ya Nyali kwenye mfumo mpya wa vyumba na malipo, kwa mfano, au ofisi ya kutoa mizigo bandarini.

Ukiitwa, usitie sahihi kabla ya kuona CR12, hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, taarifa za benki za miezi 12, na cheti cha KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) cha kutodaiwa ushuru. Cheti hicho kisipokuwepo, tenda za kaunti na za serikali umezikosa, hata programu iwe nzuri vipi.

Wiki ya kwanza ni ya fedha taslimu. Chora jedwali la wiki 13: salio la kuanzia, kinachoingia, kinachotoka. PAYE (kodi ya mishahara) hulipwa kufikia tarehe 9, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20. Wengi huharibu hapa kwa kuandika malipo ya mteja kwa tarehe ya ankara. Andika siku anazochukua kweli kulipa, ukitazama ankara zake zilizopita. Hoteli za pwani hupungukiwa na wageni kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo pesa zao ziandike kwenye wiki za baadaye.

Wiki hiyo hiyo, hakikisha jina la tovuti, seva na hifadhi ya msimbo wa programu vimesajiliwa kwa barua pepe ya kampuni, si ya mhandisi mmoja. Agiza nakala ya akiba ya data (backup) irejeshwe ukiwa umesimama pale. Nakala isiyowahi kurejeshwa usiihesabu. Na usijifanye unajua usichokijua. Wahandisi hutambua mara moja, nao ndio unaowahitaji wakwambie ukweli.

Kisha nenda kwa wateja. Gerstner aliwaagiza wakuu wake 50 kila mmoja atembelee wateja wakubwa wasiopungua watano ndani ya miezi mitatu na kuandika ripoti fupi. Wewe watembelee mwenyewe kumi wanaoleta pesa nyingi zaidi, uulize kitu gani kitawafanya wahame. Majibu hayo yatakuonyesha bidhaa ya kuacha. Gerstner alikuta mipango ya kuigawa IBM vipande vipande akaisimamisha, kwa kuwa wateja walitaka mtu wa kuwaunganishia mifumo yote.

Ikibidi kupunguza watu, punguza mara moja, maana awamu ya pili huwakimbiza wale uliotaka wabaki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inadai notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kiasi hicho kiwe tayari ndani ya jedwali la wiki 13 kabla barua ya kwanza haijatoka.