Ng'ombe akinusa sileji na kurudi nyuma: chanzo na dawa

Ng'ombe hunusa kabla ya kuonja. Akifika kwenye kihori, akapuliza pua na kugeuza kichwa, kosa halikufanyika asubuhi ile. Lilifanyika siku majani yalipofungwa bila hewa ili yachachuke yawe sileji.

Anza na pua yako. Chota konzi moja kutoka katikati ya saki, si juu. Sileji nzuri ni kijani inayoelekea njano, ina harufu kali yenye utamu kidogo kama maziwa yaliyoganda, na haitelezi mkononi. Karatasi ya kupima asidi huonyesha pH 3.8 hadi 4.2.

Harufu ya siagi iliyoharibika, inayong'ang'ania vidole hata baada ya sabuni, ni asidi ya butiriki. Majani yalifungwa na maji mengi, au yalibeba udongo. Wanyama huikimbia sana hii, na hakuna kitu cha kuirudisha. Harufu kali ya siki wanaivumilia: itandaze kivulini kama saa moja kabla ya kulisha. Ikinuka mkojo, protini imekwisha kuvunjika. Yenye ukungu itupwe, hata kama ni kipande tu.

Inayodanganya ni ile ya kahawia yenye harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua. Ng'ombe huila kwa pupa na mfugaji anafurahi, kumbe sileji ilipata moto ndani, protini ikajifunga, tumbo haliwezi kuitumia. Kihori kitupu na maziwa yaleyale: ikague hiyo kwanza.

Sasa kuifunga. Hapa mjini Goma, kuchimba shimo ni adhabu, kwa mawe ambayo volkano ya Nyiragongo imetuachia. Tumia saki yenye plastiki ndani, au pipa la lita 200, ambalo likishindiliwa vizuri hubeba kilo 100 hadi 120. Mawe hayo hutoboa plastiki kwa chini bila wewe kuona, kwa hiyo tandika saki kuukuu kwanza. Tundu la ukubwa wa msumari linatosha kuleta ukungu.

Kata majani ya tembo yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakipita hapo shina linakuwa mti, na mnyama ataliacha hata likinukia vizuri. Yanyaushe kwa saa kadhaa juani, yasiguse udongo, kisha katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Bonyeza konzi kwa nguvu kwa sekunde 30, ufungue mkono. Maji yakidondoka, subiri. Donge likikaa bila kudondosha, ni saa yake. Likifumuka mara moja, yamekauka mno na hayatashindilika. Kwa kila kilo 100 weka kilo 3 za molasi iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Shindilia kila tabaka la sentimita 15 kwa miguu, funga siku hiyohiyo, usifungue kabla ya siku 30.

Vipande virefu vya panga vina matata mawili: hewa hubaki katikati, na mbuzi huchambua majani na kuacha vijiti. Mbuzi ni fundi wa kuchagua kuliko ng'ombe, na tena sileji yenye udongo au ukungu inaweza kumletea listeria, ugonjwa wa bakteria unaoshambulia ubongo, akaanza kuzunguka upande mmoja. Kwake usibahatishe.

Kujua wanapenda ipi kati ya saki mbili, weka beseni mbili zenye uzito sawa, pima mabaki kila jioni kwa siku 5, na badilisha upande wa beseni kila siku. Usipobadilisha, utakuwa unapima mazoea ya mnyama ya kwenda kushoto. Ambaye hajawahi kula sileji mpe kilo 2 au 3 iliyochanganywa na majani mabichi, uongeze polepole kwa siku 7 hadi 10. Kukataa siku ya kwanza si hukumu.

Saki iliyofunguliwa ifungwe tena kila unapochota. Pipa au rundo liondolewe tabaka la sentimita 15 au zaidi kila siku. Ukitia mkono ukakuta joto, hewa imeingia, na kesho wataanza kuibagua. Lisha baada ya kukamua, la sivyo harufu yake utaikuta kwenye maziwa.