Hadithi ya sayansi yenye imani ya Kikristo: jinsi ya kuiandika ukiwa Malindi

Anza na swali la imani linalobanwa na maumbile yenyewe. "Mungu ni mkuu" haitoshi, maana hakuna mhusika atakayehangaika nalo. Chukua hili: Wakatoliki sita wako Mirihi, padre hakuna, na mmoja anataka kuungama. Kanisa Katoliki halikubali kitubio kwa simu wala redio. Hata lingekubali, sauti yake huchukua dakika 3 hadi 22 kufika duniani, kutegemea sayari zilipo, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Ubatizo ni kinyume: penye hatari ya kifo mtu yeyote aweza kubatiza, mradi ana nia ya Kanisa, anatamka maneno yenyewe na anamwagia maji. Huko maji hupimwa kwa kikombe, na hapo ndipo wanadamu hugombana.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, tengeneza kalenda. Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39 na ushei. Dakika hizo hujilimbikiza, na kila baada ya siku 36 hivi za huko mnakuwa mmeachana na Malindi kwa siku nzima. Mhusika akisema "Jumapili", amua ni Jumapili ya wapi, iandike kwenye daftari, usiibadilishe. Wengi huteleza hapa: mwanzoni Pasaka inasherehekewa pamoja na nyumbani, mbele kidogo mwandishi keshasahau.

Mshangao hauletwi na maneno kama "ajabu" na "kubwa mno". Yafute, uweke kipimo kando ya kitu ambacho msomaji anakijua. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho Ayubu 38:31 hukitaja pamoja na Orioni, huonekana vizuri jioni za kaskazi, Desemba hadi Februari. Kiko umbali wa miaka ya nuru kama 440. Nuru inayomfikia mvuvi usiku huu ilikwisha kuwa njiani Fort Jesus ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Sentensi hiyo iache hapo, usiifafanue.

Nyota ya Ncha ya Kaskazini usiitie kabisa. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani. Msalaba wa Kusini unaonekana, lakini utaje mara moja tu. Msomaji ameshauelewa.

Mahali pa kurushia roketi napo usipaazime Marekani. Karibu na Ngomeni, baharini, kuna jukwaa la San Marco la Waitalia. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Tena, Malindi ya Wakristo watupu ni ya uongo. Jirani Mwislamu mpe swali zito kuliko yote, na usimbatize mwishoni.

Muujiza unaotengeneza injini iliyokufa huua hadithi. Unaruhusiwa mwanzoni, ukileta matatizo. Mwanasayansi asiyeamini anayetubu ukurasa wa mwisho, mwache.

Kwa hadithi ya maneno 3,000, wahusika wanne na swali moja vinatosha. Rasimu ikiisha, mpe mwalimu wa fizikia na katekista, kila mmoja nakala yake, waweke alama wanapokwama. Palipo na alama za wote wawili, andika upya kwanza.