Gentoo imegoma katikati? Usifute diski kwanza

Gentoo, Linux inayojenga (kukompaili) programu zake kwenye mashine yako mwenyewe, ikikwama katikati ya usakinishaji, wengi hufuta diski na kuanza upya. Mara nyingi ni kuchoma bando bure, kwa sababu vifurushi vilivyokwisha kujengwa bado vipo kwenye diski.

Umeme ukikatika emerge (amri inayojenga na kuweka vifurushi) ikiendelea, washa kompyuta kwa flashi ile ile ya kusakinishia, urudi ndani ya mfumo. Tuseme mfumo uko /dev/sda3:

mount /dev/sda3 /mnt/gentoo
mount --types proc /proc /mnt/gentoo/proc
mount --rbind /sys /mnt/gentoo/sys
mount --rbind /dev /mnt/gentoo/dev
cp --dereference /etc/resolv.conf /mnt/gentoo/etc/
chroot /mnt/gentoo /bin/bash
source /etc/profile
emerge --resume

Kifurushi kilichokatizwa kitaanza mwanzo, vilivyotangulia vimepona. Mount pia sehemu ya EFI (sehemu ya diski ya kuwashia kompyuta) kabla ya kugusa kerneli (kiini cha mfumo), la sivyo itaandikwa mahali ambapo kompyuta haitaitafuta ikiwaka.

Ukiona "Killed signal terminated program cc1plus", RAM imeisha. Kila kazi ya kukompaili itengee GB 2: mashine ya GB 8 iwekee MAKEOPTS="-j4" ndani ya /etc/portage/make.conf, ya GB 4 iwe -j2, hata kama prosesa ina kori nane. Ongeza na swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Kosa likiwa "internal compiler error" linalohamahama, leo faili hili, kesho lile, shuku joto au RAM mbovu. Kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi, na feni iliyoziba huchemsha prosesa. Safisha feni, kompaili usiku, kisha pima RAM kwa memtest86+. Likirudi palepale kila mara, tatizo ni la kifurushi chenyewe. Panda juu kwenye logi hadi kosa la kwanza. Mistari ya mwisho ni mwangwi tu.

Vyeti vya HTTPS vikikataliwa, angalia saa kwa date. Betri ya CR2032 ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka. Mtandao ukiwepo, chronyd -q hurekebisha. Ukiandika kwa mkono, kumbuka flashi husoma UTC: saa nane mchana ya Dodoma ni 11:00, si 08:00 wala 14:00. Ndani ya mfumo mpya chagua Africa/Dar_es_Salaam.

emerge --sync (amri ya kusasisha orodha ya vifurushi) ikining'inia kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi, huenda mlango 873 wa rsync umefungwa. Tumia emerge-webrsync, inayopakua kwa njia ya wavuti.

Mwisho, "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)": kerneli haioni diski. Ama draiva ya NVMe au SATA haimo, ama initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakia draiva wakati wa kuwaka) haikupakiwa. Namba kama (8,3) maana yake diski imeonekana, lakini mfumo wa faili, mfano ext4, haukujengwa ndani. Kwa mara ya kwanza weka sys-kernel/gentoo-kernel-bin, kerneli iliyokwisha kujengwa, na sys-kernel/installkernel yenye USE (chaguo la kifurushi) ya dracut, inayotengeneza initramfs. Kujenga kerneli yako mwenyewe kuna raha yake, ila subiri mashine iwake kwanza.