Zanzibar ni nchi au sio nchi? Namna ya kulijibu hili swali kisheria

Kila ikikaribia tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, watu wanaanza tena, huyu anasema Zanzibar ni nchi kamili, yule anamjibu ni kama mkoa tu, na wote wawili hawajafungua katiba hata moja. Mimi hili jambo linaniuma kwa sababu majibu yapo na yanasomeka, tena kwa Kiswahili. Kwahiyo nawaelekeza namna ya kulipitia hatua kwa hatua.

Kwanza tafuta katiba mbili, ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984. Hii ya Zanzibar hakikisha unapata toleo lenye marekebisho ya 10, yale ya 2010, maana mtandaoni bado zinazunguka nakala za zamani na hapo ndo ubishi mwingi unapoanzia.

Halafu anza na kipimo cha nje. Sheria ya kimataifa inatumia sana Mkataba wa Montevideo wa 1933 ambao unataka dola iwe na vitu vinne: watu wanaoishi pale kwa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia mahusiano na dola nyingine. Pima Zanzibar hapo. Watu wapo, visiwa vipo, serikali ipo tena ina Rais, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake. Inakwama kwenye la nne. Iliwahi kuwa nalo, ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na siku sita baadae ikaingia Umoja wa Mataifa, yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na Aprili ileile Karume na Nyerere wakasaini Muungano na viti viwili vya kule New York vikawa kimoja. Toka hapo kila Zanzibar ikijaribu kutoka nje yenyewe inarudishwa. Ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, 1993 ikajitoa baada ya mvutano mkubwa bungeni. Kwenye mpira ndo iliuma zaidi, Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira wa Afrika, wakaipa uanachama kamili, watu wakasherehekea, Julai mwaka uleule wakaivua, hoja yao ikiwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Sasa ingia ndani. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Ibara ya 1 ya Katiba ya Zanzibar baada ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi, na ya 2 inasema ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Usikimbilie kuchagua moja ukaiacha nyingine, zote ni sheria na zote zinatumika leo. Ongeza na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2000, ile kesi ya uhaini ya watu 18, mahakama ilisema uhaini hauwezi kufanyika dhidi ya Zanzibar kwa sababu mamlaka ya dola yako kwa Jamhuri ya Muungano. Ila angalia tarehe, hukumu ni ya 2000 na maneno ya "Zanzibar ni nchi" yameingia 2010, kwahiyo anayekurushia hukumu peke yake hajamaliza, na anayekurushia ibara peke yake naye hajamaliza.

Hatua inayofuata ndo kubwa kuliko zote na wengi wanairuka. Fungua mwisho wa Katiba ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, orodha ya Mambo ya Muungano. 1964 yalikuwa 11, leo yako 22. Ukiulizwa Zanzibar inajitawala au haijitawali wewe uliza kwa jambo gani, kisha litafute pale. Polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, mambo ya nje, yote yamo. Ardhi haimo, afya haimo. Elimu ndo utaona ilivyochanganyika: mtoto wa Wete anasoma shule iliyo chini ya wizara ya Zanzibar, akifika kidato cha nne mtihani unatoka Baraza la Mitihani la Taifa ambalo ni jambo la Muungano, akienda chuo kikuu nako ni Muungano maana elimu ya juu imo kwenye orodha. Usiishie kusoma karatasi tu lakini, angalia na utekelezaji. Bandari imo, namba 11 kabisa, ila bandari za Unguja na Pemba zinaendeshwa na Shirika la Bandari la Zanzibar. Mafuta na gesi yamo pia, lakini sheria ya mafuta ya 2015 iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia ya kwake na 2016 ikatunga sheria yake.

Kuna wanaosema kila watu wana haki ya kujitawala kwahiyo wanaweza kujitenga muda wowote. Haki ipo, imeandikwa ibara ya 20 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ila someni uamuzi wa Tume ya Afrika inayosimamia mkataba huo, wa 1995, kuhusu Katanga, jimbo la Zaire (Kongo ya leo) lililotaka kujitenga. Tume ilisema kujitawala kunaweza kuwa uhuru kamili, au shirikisho, au serikali ya ndani, na bila ushahidi wa ukiukwaji mkubwa wa haki au watu kunyimwa ushiriki kwenye serikali, Katanga ilitakiwa iitafute ndani ya mipaka ya Zaire.

Mwisho jua mlango wa kubadilisha uko wapi. Katiba haina kifungu cha kutoka kwenye Muungano. Kuna ibara ya 98, kugusa orodha ya Mambo ya Muungano au kuwepo kwa Muungano wenyewe kunataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wote wa Zanzibar, kila upande peke yake. Rasimu ya katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar), Bunge Maalum la 2014 likarudisha mbili, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikupigwa.