Gusa Injini Kwanza: Hatua za Kukagua Pikipiki Iliyotumika

Ninapoenda kumkagulia mtu pikipiki, mkono wangu huwa umeshagusa ubavu wa injini kabla salamu hazijaisha. Wauzaji wengine hushangaa, wengine hucheka. Wale ambao injini yao ina vuguvugu huanza kujieleza hata sijauliza: "Nilikuwa nimeisogeza tu kidogo."

Huenda ni kweli. Lakini injini iliyolala usiku kucha haijui kudanganya. Kama ni ngumu kuwaka asubuhi, utaona. Kama cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, inagonga kabla oili haijapanda juu, utasikia. Kama sili za valvu zimechoka na oili imevujia ndani ya silinda usiku, moshi wa kwanza utakwambia. Ikishapata moto, nusu ya siri hizo zinajificha. Ndiyo maana mimi hukagua kwa kufuata joto: kwanza ya baridi na imezimwa, kisha inapowaka, kisha barabarani, na mwisho ikiwa ya moto kabisa. Anayeanza kwa kuipanda amekwisha kuipenda, na aliyependa haoni kutu.

Hatua ya 1: Simu, tochi na mchana

Mpigie muuzaji siku moja kabla, umwombe asiiwashe hadi ufike. Ukifika ukaikuta ya moto, usigombane naye. Mwambie utasubiri ipoe au utarudi kesho. Namna atakavyolipokea ombi hilo nayo ni sehemu ya ukaguzi.

Beba tochi, kitambaa, kipande cha kamba kirefu kuliko pikipiki, na mita ya kupimia umeme ukiwa nayo. Nenda mchana na pasiwe na mvua. Sheria hii niliilipia. Niliwahi kununua pikipiki jioni, manyunyu yakidondoka, tangi linang'aa kama kioo. Kulipokucha na maji yakakauka, nikakuta shokapu moja ya mbele inavuja na rangi ya fremu imejikunja chini ya tangi. Muuzaji hakunificha kitu, maskini. Mvua ndiyo iliyonificha.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya chuma

Namba ya fremu kwa kawaida hugongwa kwenye shingo, pale usukani unapoingia. Namba ya injini hugongwa kwenye ganda la chini la injini yenyewe. Safisha kwa kitambaa, mulika, kisha soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi ya usajili. Pikipiki nyingi za tangu miaka ya 1980 zina namba ya fremu ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutaikuta herufi I, O wala Q, kwa kuwa zinachanganywa na 1 na 0. Zile zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usikutishe.

Kinachotisha ni namba zisizo kwenye mstari, tarakimu moja iliyozama kuliko wenzake, alama za tupa, au rangi mpya mahali hapo tu wakati fremu nzima imepauka. Ukiona hivyo, shukuru, uondoke. Usiulize bei ya mwisho.

Jina kwenye kadi liwe la huyo aliye mbele yako, na kitambulisho chake kithibitishe. "Ni ya kaka yangu, amesafiri" ni hadithi ambayo ninaijibu kwa jibu moja: tutamsubiri kaka. Uliza pia kwenye mamlaka ya usajili kama ina deni la mkopo au imeripotiwa kuibwa, maana deni hufuata chombo.

Hatua ya 3: Izunguke ikiwa imezimwa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, maana injini mbovu inatengenezeka, lakini fremu iliyopinda itakuvuta upande mmoja maisha yote.

Anza na dalili za kuanguka. Tazama ncha za usukani, ncha ya mkono wa klachi na wa breki, vikanyagio, indiketa na kava za injini pande zote mbili. Pikipiki iliyoanguka ikiwa imeegeshwa huacha kovu moja au bonde dogo. Iliyoburuzika kwenye lami huacha mistari inayokwenda sambamba kuelekea nyuma. Ya kwanza ni ajali ya uwanjani. Ya pili inahitaji maelezo.

Kisha inama chini ya shingo ya fremu. Utaona vinundu vya chuma vinavyozuia usukani usizidi kuzunguka. Kama kimoja kimebonyea au kimevunjika, gurudumu la mbele lilipigwa kwa nguvu siku moja. Wanaopaka rangi upya mara nyingi husahau mahali hapo. Mulika pia maungio ya fremu karibu na shingo: rangi iliyokunjamana, ufa mwembamba, au mahali palipochomelewa ambapo upande wa pili hapajachomelewa. Sasa simama nyuma, usukani ukiwa umenyooka, na uangalie kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Ukitia shaka, nyoosha ile kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele zilingane.

Inua gurudumu la mbele, kwa stendi ya kati au kwa msaada wa mtu. Geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unanasa kidogo ukifika katikati, beringi za shingo zimejichimbia mashimo. Shika miguu ya shokapu chini, uivute na kuisukuma. Mchezo wowote ni beringi zilizolegea au kwisha. Zungusha gurudumu: rimu isiyumbe, beringi isikwaruze. Kama ni ya spoki, zigonge moja moja kwa bisibisi. Iliyokaza inalia kwa sauti kali, iliyolegea inatoa mdundo mzito. Fanya vivyo hivyo nyuma, na mkono wa nyuma unaobeba gurudumu uusukume kushoto na kulia, usicheze.

Shokapu za mbele: futa vyuma vyake vinavyong'aa, kandamiza mara tano, kisha pitisha kidole. Pete ya oili kwenye chuma maana yake sili zimekufa. Sili ni kazi ndogo, lakini vishimo vya kutu kwenye chuma chenyewe vitakula kila sili mpya utakayoweka.

Cheni ikague mahali inapolalia sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalozungushwa na cheni. Ivute kuelekea nyuma. Ikiachana na meno kiasi cha kuona mwanga, imeisha. Meno yaliyochongoka na kulalia upande mmoja yanamaanisha utanunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Zungusha gurudumu na upime ulegevu sehemu tatu tofauti. Kwa pikipiki nyingi za barabarani hucheza kati ya milimita 20 na 35. Kama hapa imekaza na pale inaning'inia, imevutika vibaya.

Tairi zina tarehe yake. Tafuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazuri huku mpira umekuwa mgumu kama ukwato. Mimi zikivuka miaka 5 huziangalia kwa mashaka, na zikifika 10 nazihesabu kuwa za kutupa, hata ziwe na sura nzuri namna gani. Nyufa ndogo ubavuni zinasema jambo hilohilo.

Breki: diski nyingi zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, na ukipitisha ukucha kuelekea ukingoni usikutane na tuta kubwa. Mafuta ya breki yaliyo kahawia nzito hayajabadilishwa kwa miaka. Hayo ni madogo kwa bei, lakini yananiambia jinsi mwenyewe alivyoitunza.

Kuhusu kilomita za kwenye dashibodi, siziamini wala sizibishii. Ninazilinganisha na raba za vikanyagio, mishikio ya usukani, kiti, na pedali ya gia. Kilomita 9,000 na raba za vikanyagio zilizoliwa hadi chuma haviwezi kuwa vya pikipiki moja.

Hatua ya 4: Oili, tangi na betri

Fungua kifuniko cha oili au tazama kupitia kidirisha chake. Nyeusi si kosa, imefanya kazi. Nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji. Harufu ya petroli ndani yake inaashiria kabureta linalofurika. Mulika ndani ya tangi: kutu huko itaziba njia za mafuta mwezi mmoja baada ya wewe kulipa.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ipime yako kwa mita, uiandike namba utakayoipata, tutairudia.

Hatua ya 5: Iwashe, unyamaze

Simama nyuma, mwache muuzaji awashe, na msiongee kwa dakika mbili. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa wauzaji wengi.

Kwa pikipiki yenye mfumo wa kielektroniki wa mafuta, tazama dashibodi ufunguo unapowashwa. Taa ya injini inatakiwa iwake, kisha izime baada ya sekunde chache au injini ikishashika. Isipowaka kabisa, kuna aliyeing'oa au kuiziba, na hakuifanya bure.

Mgongano mwepesi wa sekunde chache unaopotea ni wa kawaida kwa injini nyingi. Unaobaki na kuongezeka kadiri unavyopiga resi si wa kawaida. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni marekebisho tu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, isipokuwa kwa injini za mipigo miwili ambazo huchoma oili kwa asili yake. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi hupotea wenyewe. Ukiendelea kwenye injini inayopozwa kwa maji, gasketi ya silinda inashukiwa.

Rudi na mita. Injini ikipigwa resi ya kati, betri isome takriban kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi. Ikivuka 15, kidhibiti cha umeme kimeharibika na betri inapikwa. Jaribu taa zote, indiketa, honi, na taa ya breki kwa mkono na kwa mguu. Geuza usukani mwisho hadi mwisho. Injini ikibadilisha sauti, waya wa resi umebana au umepitishwa vibaya.

Hatua ya 6: Barabarani

Hakikisha bima inakuruhusu, vaa helmeti, mwachie muuzaji dhamana mliyokubaliana. Panda gia zote na uzishushe zote. Gia ya pili iangalie zaidi, kwa sababu ndiyo inayoumizwa na watu wanaobadilisha kwa pupa kutoka ya kwanza. Ikiruka na kurudi nyutro ukiongeza moto, injini itafunguliwa, na bei hiyo si ndogo.

Klachi ijaribu ukiwa gia ya juu na mwendo mdogo: fungulia resi kwa ghafla. Mlio ukipanda na pikipiki ikibaki palepale, klachi inateleza. Ukipata mteremko, shuka huku umefunga resi, kisha fungulia huku ukitazama kwenye kioo. Moshi wa bluu wa mara moja ni sili au miongozo ya valvu. Moshi wa bluu usiokoma kila unapoongeza mwendo ni ringi za pistoni.

Mahali pasipo na magari, legeza mikono kidogo tu bila kuachia usukani. Isivute upande. Breki iishike kwa nguvu: kanyagio likidunda chini ya mguu, au mkono wa breki ukidunda vidoleni, diski imepinda au ngoma imepoteza duara.

Hatua ya 7: Izime, isubiri, iwashe tena

Dakika kumi tu. Injini nyingine huwaka vizuri zikiwa baridi na kugoma zikiwa za moto, nawe hutaki kulijua hilo kwenye foleni. Wakati unasubiri, piga magoti uangalie chini, maana oili iliyopata moto huvuja mahali ambapo iliyoganda haikuonekana.

Sasa ndipo bei inapozungumzwa. Usiseme "punguza" tu. Orodhesha: tairi, cheni, sili za shokapu, betri, kila kimoja na gharama yake kwa fundi. Muuzaji mkweli hubishana na orodha kipengele kwa kipengele, na hapo mnaelewana.

Mkikubaliana, andikeni nakala mbili zenye namba ya fremu, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu, kwa sababu faini ya asubuhi si yako. Chukua funguo zote, na uanze kuhamisha umiliki siku hiyohiyo.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kumwaga oili yote kwenye beseni safi na kuipitisha sumaku. Vumbi laini la chuma lililoshika kama tope jeusi ni la kawaida. Vipande vyenye kona huenda ni meno ya gia, na hapo mpigie fundi kabla hujapiga kiki tena.